Taa Yenye Kigugumizi

Kiziwi hanong'oni gizani. Hilo ni jambo lisilomkaa kichwani mtu mwenye masikio hata ukampigilia kwa msumari, maana yeye umeme ukikatika huendelea na soga zake kama kawaida, tena ni gizani ndipo umbea unaponoga. Kiziwi, taa ikizimika, amezibwa mdomo. Neno linakatikia hewani, na aliyekuwa akisimuliwa kichekesho anakwenda kulala bila kujua kilivyoisha.

Mwanamke mmoja, mwandika mabango kwa kazi na mgomvi kwa wito, alilijua hilo tangu utotoni. Wenye masikio walimwita Tarumbeta, kwa sababu anazozijua kila karani aliyewahi kumwambia arudi kesho. Viziwi, ambao sauti ya mtu haiwahusu, walimpa jina la mkono: kidole kimoja kinachokwaruza katikati ya nyusi. Ndita. Mdogo wake wa tumbo moja, mshona viatu, alizaliwa hasikii, na dada mtu akaanza kumsemea kabla hajang'oka meno ya utoto. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameweka kichwani kila aliyewanyima nafasi ya kuzungumza. Alimkumbuka mlinzi wa kituo cha mafuta aliyesema mikono yao inatisha wateja. Alimkumbuka mwenye mkahawa aliyezima taa ya kibarazani ili waondoke, halafu akajifanya balbu imeungua. Alimkumbuka ofisa aliyemkabidhi mdogo wake zawadi kwenye sherehe ya watu wenye ulemavu, na zawadi yenyewe ilikuwa redio. Redio! Rangi yake Ndita angeweza kukuonyesha mpaka leo.

Sasa hatimaye walikuwa na pao. Mwenye karakana ya viatu aliwaruhusu wakutane uani kwake kila jioni baada ya kazi. Ua wenyewe haukuwa wa kujivunia: saruji iliyopasuka, tangi la maji, taa moja kali ya ukutani, kamba za kuanikia, benchi mbili na harufu ya gundi isiyokwisha. Lakini walikuja. Mwoka mikate alikuja na unga nyusini. Walikuja wapiga pasi, na mama muuza mitumba, na washona viatu waliokuwa wamekwisha kuwapo. Wote walitoka mahali ambapo mchana kutwa hakuna aliyewaambia neno zaidi ya kuwaonyesha kitu kwa kidole. Wakifika pale mikono ilifunguka kama kuku waliofunguliwa banda.

Tatizo lilikuwa juu. Dirisha la ghorofani lililotazama ua lilikuwa la muuguzi, ambaye huondoka nyumbani kabla jogoo hajajikuna. Mwenye karakana, ambaye jengo zima ni lake, aliwaita akasema mambo mawili. Kwanza, taa inamwingia muuguzi kitandani. Pili, jioni muuguzi akifunga dirisha lake, taa ipunguzwe isimfikie. Ikishindikana hadi mwisho wa mwezi, mikutano imekwisha, na yeye hataki maneno. Ndita alikuwa na maneno, tena mengi, ila mdogo wake alimkanyaga mguu. Basi akamchukua muuguzi, ambaye hajawahi hata kusalimiana naye, akamkalisha kichwani benchi moja na yule mlinzi wa kituo cha mafuta.

Akaanza kuzunguka maofisini. Akapiga kelele mpaka mheshimiwa mmoja, ambaye uchaguzi ulikuwa unamkaribia, akaona ni nafuu kumpa kuliko kumsikiliza. Mheshimiwa alikuja uani na wapiga picha. Alileta taa za LED za kufunga nje, ndefu kama rula. Alileta pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachoupokea umeme mkali wa ukutani na kuupoza uwe wa saizi ya taa. Na alileta kipunguza mwanga, ambacho mafundi hukiita dima, chenye rimoti na kioo kidogo cha buluu kinachowaka kama jicho la paka. Akahutubia. Ndita akatafsiri huku amekunja uso. Mwisho mheshimiwa akanyamaza kusubiri shukrani, na viziwi wakainua mikono wakaitikisatikisa hewani, maana ndivyo wanavyopiga makofi. Mheshimiwa alidhani wanadai kitu kingine. Akarudi nyuma hatua, akakanyaga ndoo ya gundi.

Taa zikafungwa. Siku hiyo hiyo Babu Gundi, kiziwi mkongwe kuliko wote pale karakanani, alikitazama kile kisanduku cha umeme kinavyoning'inia ukutani peke yake, mvua inakuja, akakionea huruma. Akakishonea koti. Ngozi safi ya kutengenezea buti, bitana ya sponji, mishono iliyopakwa nta, na juu kabisa kola. Watu walipanga foleni kulitazama. Ndita mwenyewe aliliandika kwa rangi nyeupe, USIGUSE, herufi zake nzuri kuliko za bango lolote alilowahi kulipwa.

Taa ikiwa kamili mambo yalikwenda. Muuguzi alipofunga dirisha, rimoti ikabonyezwa, mwanga ukashuka taratibu ukawa laini kama maziwa, na Ndita akakunja mikono kifuani kama jemadari. Kazi imekwisha, alijiambia. Kumbe ndiyo kwanza.

Jioni ya kwanza mwoka mikate aliondoka mapema, kichwa kinamuuma. Ya pili wakaondoka wapiga pasi. Ikafika mahali taa ikishushwa tu, watu wanaanza kutafuta viatu vyao. Mmoja akawa anainyemelea rimoti kuurudisha mwanga juu, na juu ghorofani dirisha likawa linafunguka, na chini mwenye karakana akawa anatokea mlangoni na kikohozi chake cha onyo. Ndita alichemka. Aliona amepigana na dunia nzima kwa ajili ya watu wanaochagua mwanga kama wachagua nazi. Akawaambia hivyo, kwa mikono miwili na uso mzima. Akawaambia kwamba asante ya punda ni mateke.

Hapo ndipo mdogo wake alipomshika bega, akamgeuza.

"Niangalie," alisema kwa mikono.

"Nakuangalia."

"Huniangalii. Unanisubiri nimalize ili uanze kunisemea."

Kisha akaanza kusimulia. Alisimulia ile siku ya mheshimiwa, kwa kasi yake halisi, kasi ambayo viziwi huitumia wao kwa wao na ambayo huipunguza wanapozungumza na watu kama Ndita, wanaosema kwa mikono polepole kama mtu anayekunja shuka. Miaka yote dada mtu alizoea kumtazama usoni, mikono anaipata kwa pembe ya jicho. Safari hii aliitazama mikono. Na chini ya ule mwanga laini kama maziwa akaona kidole kimoja kimekuwa vidole vingi, vimepangana kama meno ya kitana. Mkono ulipokwenda kushoto haukwenda. Uliruka, ukakatika, ukatokea tena mbele, kama mtu anayepita nyuma ya ua wa fito. Mheshimiwa alipokanyaga ndoo, Ndita hakuona ndoo wala mguu. Aliona vipande.

Alifumba macho, akayafumbua. Vipande bado.

"Hivi ndivyo mnavyozungumza kila jioni?"

"Hivi ndivyo tunavyonyamaza kila jioni," mdogo wake akajibu. Halafu, polepole, ili asikosee kumwelewa, akamwambia lile alilokuwa amelificha. Wenzake aliosoma nao shule ya viziwi walikuwa wamemwita kwenye mji wao wa mbali. Huko kuna karakana kubwa, viziwi tele, na ukumbi wenye taa nzuri. Ua huu ukifa, atakwenda. Hamlaumu mtu. Ila hawezi kuishi mahali ambapo mtu pekee wa kuzungumza naye ni dada yake.

Ndita alikuwa na majibu ya kila ofisi, lakini hili halikuwa na karani wa kukaripiwa. Mdogo wake ndiye aliyekuwa amebaki naye duniani.

Kama vile hayo hayatoshi, siku mbili hazikupita taa zikapepesa, zikapepesa tena, zikafa. Koti lilifunguliwa vifungo mbele ya kadamnasi. Ndani hamkuwa na tone la maji. Kisanduku kilikuwa cha moto kama mkate utokao tanurini, pembe moja imelainika, na harufu yake ilimfanya hata Babu Gundi, mtu wa kunusa gundi maisha yake yote, azibe pua. Koti lilikuwa limefanya kazi yake kikamilifu. Mvua haikuingia, na joto halikutoka.

Kesho yake mchana walikwenda duka la vifaa vya umeme, Ndita mbele, mdogo wake na Babu Gundi nyuma, na mama muuza mitumba ambaye hakualikwa lakini hakuna aliyethubutu kumzuia. Fedha walikuwa wamechangishana. Ndita alikuwa amepanga maneno mdomoni kama mawe kwenye teo. Alijua maduka hayo: ukutani wameandika ubora, kwenye boksi wameandika ubora, na kifaa kikifa wiki ya pili unaambiwa umekitumia vibaya. Waagizaji wa mali hizo huandika wati wanazozitamani, si wati walizo nazo, na hakuna mkubwa anayewafunga, maana mkubwa nyumbani kwake ana jenereta.

Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Alimwacha Ndita arushe mawe yake yote. Hakujitetea, hakukatiza. Alipoona yamekwisha akakichukua kile kisanduku kilichokufa, akakinusa, akauliza kwa upole, "Mlimvisha nini?"

Ndita akamweleza habari za koti. Mama yule akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani, kisha akaona uso wa Babu Gundi, akajikaza. Akasema kwamba kosa si la babu peke yake. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimebebeshwa mzigo mpaka shingoni, taa zinakula karibu kila wati kilichoandikiwa, na huenda hata hizo hazikuwepo zote. Mnyama wa namna hiyo hata bila koti asingefika mbali. Ndita alipotafsiri, Babu Gundi alifikiri kidogo, akauliza kama kiliteseka.

"Mwambie hakikuteseka," alisema mwenye duka. "Kililala usingizi mzito."

Ndita alikuwa amekuja kupigana na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anamfariji mzee. Mwenye duka akatandaza vitu mezani, akaanza kuwaonyesha. Pawa saplai ya nje iwe na bati au alumini mgongoni, ili joto lipate pa kutokea. Iandikwe namba ya kuzuia vumbi na maji, akaiwekea kidole: IP67, sita ni ya vumbi, saba ni ya maji. Volti zake ziwe sawasawa na za taa, hapo hakuna takribani. Na wati zake zizidi za taa kwa kiasi kizuri, maana mpagazi mzuri ni yule anayefika bila kuhema. Akawainulia mbili zinazofanana kama pacha, boksi zenye maneno yale yale, akampa Ndita azipime kwa mkono. Moja ilikuwa nzito kama tofali, nyingine nyepesi kama kiberiti. Hakuongeza neno. Ndita akairudisha nyepesi kwenye rafu kwa dharau, kama anayemrudishia mtu ahadi yake.

Kwenye dima ndipo kazi ilipolala. Mama yule alieleza kwamba dima za namna hii hazipunguzi mwanga kama unavyopunguza utambi. Zinawasha na kuzima, zinawasha na kuzima, haraka, na ukitaka mwanga hafifu zinarefusha muda wa kuzima. Zile za kizembe zinafanya hivyo polepole. Mtu aliyekaa akila chakula chake haoni kitu, lakini kinachokwenda mbio chini yake kinaonekana vipande vipande. Akakiri kwamba kwenye maboksi mengi kasi hiyo haiandikwi, na anayeiandika huenda anadanganya. Yeye mwenyewe huwa anajaribu kwa kutikisa kalamu chini ya taa.

Halafu akaitazama mikono ya mshona viatu, akatazama na kalamu yake, akaiweka kalamu chini.

"Funga mlango nusu," alimwambia Ndita. "Wao watajua kuliko kalamu."

Hapo Ndita alikumbuka maduka yote yaliyowahi kuwafukuza kwa kuzuia njia ya wateja, na alisubiri sharti. Halikuja. Mama yule alishusha mlango wa bati hadi kiunoni, duka likawa na kiza cha kutosha, wateja wakawa wanainama kuingia na kuambiwa wangoje. Akaning'iniza taa moja darini, akaifunga kwenye ile pawa saplai nzito, akaanza kuunganisha dima moja baada ya nyingine. Na chini ya kila dima mshona viatu alisimulia habari ile ile: mheshimiwa, hotuba, mikono hewani, hatua nyuma, ndoo.

Babu Gundi na mama muuza mitumba walikaa juu ya mabunda ya waya kama mahakimu. Dima ya kwanza walimkatiza mheshimiwa hata hajashuka garini, hukumu: kigugumizi. Ya pili, yenye kioo kikubwa na rangi zote za upinde wa mvua, mama muuza mitumba aliikubali mwanga ukiwa wa kati, lakini ulipoteremshwa chini kabisa mheshimiwa akaota miguu minane. Ya tatu walisema si kigugumizi, ni ulevi. Mshona viatu alikuwa amekwisha kutoa jasho, na kila mara anaposimulia anaongeza kitu, mpaka mheshimiwa akawa anaogelea ndani ya gundi na wapiga picha wanamvuta kwa kamba. Wateja waliokuwa wakingoja wakaanza kuuliza kinachoendelea. Mwenye duka, ambaye kwa jinsi habari ilivyorudiwarudiwa alikuwa amekwisha kuishika, akawa anawatafsiria, vibaya kabisa, na wanacheka.

Ya nne ikapita. Juu, katikati, chini kabisa, vidole vilikuwa vidole. Mahakimu wakainua mikono wakaitikisa. Mdogo wake Ndita akamgeukia dada yake, uso umemeta.

Ila Ndita alikuwa ameinamisha kichwa. Kulikuwa na mlio. Mwembamba, wa juu, kama mbu aliyefungiwa chupani, na kila mwanga uliposhushwa mbu alizidi kulia. Mwenye duka akamwambia huo ni mdundo wa dima yenyewe; kasi yake inatosha kwa macho lakini masikio bado yanaisikia.

Hapa hakuna ambaye angemlaumu kama angenyamaza. Walikuwa wanne, watatu hawasikii, na yule mwanamke wa ghorofani alikuwa mshtakiwa wa zamani. Ndita aliwaeleza wenzake. Alitegemea waseme ichukuliwe. Mama muuza mitumba ndiye aliyejibu, bila hata kufikiri, kwamba mtu anayeamka kuosha vidonda vya watu hawezi kutiwa mbu chumbani. Babu Gundi akaunga mkono. Mdogo wake akaichomoa ile dima mwenyewe, akairudisha mezani.

Iliyopita mwisho ilikuwa mbaya kwa sura. Kijisanduku cha kijivu, hakina kioo wala rimoti, kitufe kimoja cha kuzungusha. Mikono ilikuwa mizima hata mwanga ulipokaribia kuzimika. Ndita alitega sikio la kulia, akatega la kushoto, akapanda juu ya kiti akaliweka karibu kabisa. Kimya. Mara ya kwanza katika maisha yake masikio yake yalikuwa yametumika kwa jambo lingine zaidi ya kuyasikia matusi na kuyatunza.

Mwenye duka akawapa fundi wake aende kuwafungia, na alipoulizwa kwa nini amepoteza mchana mzima, alisema sasa anajua dima ipi ya kumuuzia mtu na ipi ya kurudisha kwa mwagizaji na matusi juu yake. Ndita akataka kusema kitu. Akasema, "Haya mama, tutaonana." Njia nzima lile neno aliloshindwa kulitamka lilimkera.

Fundi aliifunga pawa saplai chini ya upenu, imeachwa mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma yake, na waya umeteremshwa kwanza chini ya kisanduku kisha ukapandishwa, ili maji ya mvua yadondoke kabla hayajaingia. Dima akaiweka ndani ya karakana, mahali pakavu. Babu Gundi aliulizwa kuhusu koti. Alisema hapana, amejifunza, akalichukua kulipeleka nyumbani akamvalishe birika.

Mwenye karakana alikuja kukagua. Akatazama, akakohoa, akasema yeye hana neno, mwenye neno ni muuguzi. Ndita aende akamuulize mwenyewe.

Alipanda ngazi. Muuguzi alifungua mlango amevaa kanga na soksi, uso umechoka, chumba kidogo kina kitanda, sare iliyopigwa pasi, na beseni la kulowekea miguu. Ndita akaanza kueleza kwa sauti ya ofisini. Muuguzi akamkatiza, akamwonyesha kitanda.

"Lala hapo, dada. Utaona ninachoona mimi."

Ndita, mtu aliyewahi kulala mlangoni kwa ofisa mpaka akasikilizwa, hakuwahi kuombwa alale kitandani kwa adui. Alilala. Muuguzi akazima taa yake, akachungulia dirishani, akapungia mkono. Chini mshona viatu akazungusha kitufe. Kwenye dari ule mstari mkali wa mwanga ukafifia, ukafifia, ukabaki kivuli cha pazia tu. Hakuna mlio. Palikuwa na godoro la sponji, harufu ya dawa ya kuchua, na utulivu.

"Hapo nalala," alisema muuguzi. "Hapo hata mtoto analala."

Kisha, akikaa kwenye ukingo wa kitanda kana kwamba Ndita ni mgonjwa wake, akamwambia ambalo mwenye karakana hakulisema. Wapangaji wa upande wa pili ndio waliotaka mikutano ifungwe, siku nyingi, wakisema hawapendi watu wanaokusanyika bila sauti. Mzee mwenye jengo alikuwa amekwisha kukubali. Muuguzi ndiye aliyemwambia kwamba yeye ndiye mwenye dirisha, na anachotaka ni taa ipungue tu, watu wabaki.

"Kwa nini?" Ndita aliuliza. Lilitoka kama karipio. Hakuwa na namna nyingine ya kuuliza.

"Kutwa nzima nasikia watu wakilia. Nikirudi nasimama hapa kidogo, nawaona watu wanacheka. Sijui wanachekea nini. Lakini nalala vizuri."

Ndita aliketi. Neno alilijua kwa lugha mbili, na kwa miaka mingi alikuwa amelitumia kama kisu: asante sana mheshimiwa, asante ndugu karani, asante kwa redio. Sasa alilitafuta likiwa halina makali, na halikuwa karibu.

"Asante, dada," alisema. Sauti ilitoka ndogo, haikuwa ya tarumbeta. "Nilikuwa nimekuweka mahali pabaya sana."

Muuguzi hakuuliza ni mahali gani. Aliinuka akasimama dirishani, akamwita kwa mkono. Chini, kwenye ule mwanga hafifu, benchi zilikuwa zimejaa. Mshona viatu alikuwa amesimama katikati, na mikono yake kutoka huku juu ilionekana safi, kila kidole mahali pake.

"Anasema nini?"

Ndita akaanza kutafsiri, kama alivyofanya maisha yake yote, bila kufikiri. "Anasema kwao hakukuwa na umeme. Usiku ukiingia watu wazima wanakaa wanazungumza, yeye anabaki kama gunia. Basi dada yake… dada yake anachukua tochi, anajimulika mwenyewe. Chini ya kidevu. Ili aone mdomo, na mkono mmoja uliobaki. Anamtafsiria kila kinachosemwa, mpaka masengenyo. Betri zikichoka mchana anazianika juani. Mkono ukimchoka tochi inateremka, yeye anaona meno tu. Anacheka. Dada anadhani kichekesho kimemwingia, anakirudia."

Chini uani watu walikuwa wakitikisika kwa kicheko. Mshona viatu alikuwa akimwigiza dada yake, tochi ya hewa chini ya kidevu, ndita katikati ya nyusi, mkono unatetemeka kwa uchovu na hautaki kushuka.

Ndita hakuwa akilikumbuka hilo. Redio aliikumbuka, na rangi yake. Tochi ilikuwa imemtoka kabisa. Kumbe mwenzake ndiye alikuwa ameitunza.

"Dada mwenyewe ni wewe?" aliuliza muuguzi.

Ndita aliona Babu Gundi akiinua mkono kuuliza, na alichouliza ni habari za ile safari ya mji wa mbali. Mshona viatu akafanya kama anayefukuza nzi. Alikwisha kuwaambia wenzake wapate mtu mwingine, alisema. Wao wenye viatu vibovu huko wavilete hapa.

"Nami sasa niondokee chumbani," alisema muuguzi, akivuta pazia. "Nalala."

Ndita akashuka ngazi ameshika viatu mkononi, akikanyaga kwa ncha za vidole, yeye ambaye wapangaji wote walimjua kwa kishindo. Uani mdogo wake alikuwa amekaa. Akamwona, akasogea, benchi likapata nafasi ya mtu mmoja. Mama muuza mitumba ndiye aliyeshika zamu, na habari yake ilikuwa imekwisha kufika katikati. Ndita akakaa, akayaacha macho yake juu ya mikono ile, halafu akainua wa kwake, akaomba aanze tena mwanzo.